Zamu ya Diski

Mume wangu Zahor alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonitesa. Angekuwa mwonevu ningemsema kwa watu. Ningekwenda kwa kaka zangu Kawe, nikalia sebuleni kwao, nao wangevaa kofia zao wakaja kumweka kitako. Lakini utamshitaki vipi mtu anayepima samaki kwa mizani? Tangu amwoe Munira, kila kilichoingia kwangu kiliingia na kwa Munira kwa kipimo kile kile. Sukari kilo mbili, na kwa Munira kilo mbili. Khanga doti moja, na kwa Munira doti moja, rangi ile ile na maneno yale yale. Nguru alimkata katikati kwa mkono wake, kichwa akampa paka ili pasiwe na neno. Siku mbili alilala kwangu, siku mbili akalala kwa Munira kule Kiwalani alikompangia nyumba, na saa ya kuhama ilikuwa magharibi, haikuzidi wala haikupungua. Alikuwa amesikia msikitini kwamba mume wa wake wawili asiyefanya uadilifu atafufuliwa ubavu mmoja umelala, na maneno hayo yalimkaa rohoni. Nilimwona mara nyingine akijitazama kwenye kioo cha kabati, akihakikisha kama mabega yake yako sawa.

Mimi ni Bahiya, mke mkubwa, na nasema mapema kwamba nilikuwa na wivu. Wapo wanawake wakiletewa mwenzao husema wameridhika, wamemwachia Mungu. Mimi sikumwachia mtu. Kila nilipopewa nusu yangu niliitazama ile nusu nyingine ilivyokuwa ikiondoka, na nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: Zahor anipe mimi kitu, japo mara moja, kilichozidi nusu. Kisingekuwa lazima kiwe kikubwa. Hata kile kichwa cha nguru.

Tulikuwa na steshenari Temeke, kwenye barabara ya kwenda Tandika. Tuliifungua mwaka themanini na saba, biashara zilipoanza kuachiwa na watu wakaanza kuleta vitu kutoka nje bila kujificha. Mtaji wetu ulikuwa taipureta moja ya Kijerumani na mikono yangu. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao na mikataba ya kuuziana viwanja. Zahor alipokea wateja na kukata karatasi. Jioni tulifunga mlango, tukala, tukalala. Miaka ilikwenda hivyo na sikuona kasoro, maana sikuwa na cha kulinganisha nacho.

Mwaka tisini na tatu Zahor alikwenda Dubai. Wenzake walirudi na mafriji na deki za video. Yeye alirudi na kompyuta, sanduku moja kubwa la rangi ya maziwa, na skrini tatu. Ndipo tukahitaji mchapaji wa pili, na ndipo akaja Munira wa Kigamboni, mwenye cheti cha uhazili, miaka ishirini na minne, vidole kama vimepakwa mafuta. Baada ya miezi saba Zahor aliniambia anataka kumwoa. Aliniambia nikiwa kazini, nachapa barua ya mteja aliyesimama mbele yangu, na barua ile niliimaliza bila kukosea hata herufi moja. Hilo najivunia mpaka leo.

Sasa niieleze hiyo kompyuta, kwa sababu bila yake hakuna hadithi.

Fundi wetu alikuwa Apolinari, kijana wa Bukoba aliyesoma mambo hayo Urusi, mrefu, mpole, shati lake limechomekwa hata siku za joto. Aliliweka lile sanduku kwenye chumba kidogo cha nyuma tulichokiita ofisi, kwenye meza ya Zahor. Kutoka kwenye sanduku alivuta nyaya mbili ukutani: mmoja ukaja kwenye meza yangu karibu na mlango, mwingine ukaenda kwenye meza ya Munira upande wa dirisha. Juu ya kila meza skrini na kibodi. Mteja akiingia anaona kompyuta mbili, na ya tatu ofisini. Anashangaa utajiri.

"Lakini kompyuta ni moja tu, Bi Mkubwa," Apolinari aliniambia. "Hizo nyingine ni kompyuta hewa."

"Hewa kama wale wafanyakazi wanaolipwa mshahara na hawapo?"

Alicheka sana. "Hivyo hivyo. Ile moja ya ofisini inajifanya tatu. Kila mmoja wenu anadhani ana ya kwake. Ukweli ni kwamba akili ni moja na diski ni moja."

Diski ndiyo ghala la kazi zote, akanieleza. Ndani yake kuna kichwa kidogo chembamba kinachokwenda na kurudi, kinasoma na kuandika. Kichwa ni kimoja. Nikikiita mimi nifungue barua, kinakuja kwangu. Munira naye akikiita, anangoja. Mmoja akikishika muda mrefu, skrini ya mwenziwe inasimama kama imekufa.

Na kweli ilikuwa ikisimama. Nilipokuwa nikipanga orodha ndefu ya majina kwa alfabeti, Munira alikaa mikono mapajani. Naye akichapisha kadi mia tatu kwa printa, mimi niligonga kibodi na herufi hazitokei. Siku moja nilimwambia kwa sauti, mbele ya wateja, kwamba diski si ya Kigamboni. Zahor alitoka ofisini uso umebadilika rangi, maana alikuwa amegundua kitu ndani ya nyumba yake ambacho hakijagawanywa sawa.

Alimwita Apolinari siku ile ile.

"Nataka uwagawie," alisema. "Kila mmoja na fungu lake. Mmoja asimle mwenziwe."

"Mzee, kwa kawaida tunaiacha. Mwenye kazi nyingi anatumia zaidi, mwenye kazi chache anatumia kidogo. Ndo inaenda haraka."

"Sikukuuliza inaendaje haraka. Nimekwambia wagawie sawa."

Apolinari alinitazama mimi, akamtazama Munira, akaelewa. Akakaa siku mbili akiandika programu yake. Alipomaliza alikuwa ametengeneza faili moja dogo lenye mistari mitatu: jina, na mbele ya jina namba. Namba ile ilikuwa ni mara ngapi kwa sekunde mtu anaruhusiwa kuiita diski. Bahiya ishirini. Munira ishirini. Zahor kumi, maana yeye alikuwa akitazama tu bei za karatasi. Ukifika ukomo wako unangojeshwa, hata kama wenzako wote wamelala.

Zahor aliitazama ile mistari mitatu na uso wake ukanyooka. "Alhamdulillahi," akasema.

Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa haki tu ndiye angelifanya. Alisema kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na ndiye ninayefungua duka asubuhi, basi mimi ndiye niliyestahili kuaminiwa na lile faili. Akamwambia Apolinari anifundishe namna ya kulifungua, kubadilisha namba na kuiwasha mashine upya, endapo siku moja itahitajika. Alidhani ananipa heshima.

Wiki tatu nilizikaa kwa adabu. Nasema kweli, wiki tatu. Halafu ikaja siku moja mteja, mwenyekiti wa chama cha akina mama, akasimama katikati ya chumba akasema kadi zake azichape yule binti wa dirishani, maana anachapa haraka na kwa usafi. Zahor alikuwepo. Hakusema chochote kibaya. Alisema tu, "Hapo umesema kweli, mama." Mimi pale nilikuwa nimechapa miaka saba.

Kesho yake nilifika dukani kabla jua halijachomoza vizuri. Nikaingia ofisini, nikafungua lile faili, nikafuta ishirini ya Munira, nikaandika kumi na mbili. Nane zilizobaki nikajiongezea mimi. Nikazima, nikawasha, nikaenda kwenye meza yangu kunywa chai.

Munira alikuja saa mbili. "Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akakaa, akafungua kazi yake, akangoja zaidi kidogo kuliko jana. Akaangalia skrini, akaangalia kucha zake. Mimi yangu ilikuwa ikikimbia kama imeambiwa. Nilihisi raha ambayo sikuwa nimeihisi tangu siku ya ndoa yao, na nikaona kumi na mbili ni nyingi sana kwa mtu kama yule. Wiki ile ile nikaifanya sita.

Mawazo yangu yalikuwa wazi. Munira angekuwa mzito, wateja wangemkimbia, Zahor angemchoka. Mwanamume wa duka anapenda kazi iishe. Ningempa miezi miwili akimtazama mkewe mdogo amekaa mbele ya skrini iliyosimama, na macho yake yangerudi yenyewe kwenye meza iliyo karibu na mlango.

Macho yake hayakuja mlangoni. Yalikwenda dirishani.

Mara ya kwanza alikwenda kuuliza kuna nini. "Inafikiri," Munira alimjibu. "Nimeiomba barua, haijaileta." Zahor akasimama nyuma ya kiti chake wakiitazama pamoja ile taa nyekundu ya chini ya skrini, inayoonyesha diski imeitwa, ikiwaka na kuzimika. Barua ilipofunguka wote wawili walicheka, kama watu waliokuwa wanangojea mgeni akapiga hodi. Siku ya pili alikwenda na kikombe cha kahawa. Siku ya tatu alivuta stuli akakaa.

Nikaona wamezidi. Nikaifanya tatu.

Sasa kufungua barua ya kurasa mbili kulikuwa kunachukua muda wa kunywa kikombe kizima cha kahawa, kile kidogo, pamoja na kashata yake. Zahor akaanza kumsimamisha muuza kahawa mlangoni kila siku saa nne. Vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha Munira. Kwa ajili ya haki alinunua na cha tatu akakileta kwenye meza yangu, akakiweka karibu na karatasi, akasema, "Na wewe, Bahiya," kisha akarudi dirishani. Nilikinywa kikiwa cha moto ili niwahi kukichukia.

Kazi zote zilihamia kwangu. Mashine yangu ilikuwa haingoji, basi na mimi sikungoja. Nilichapa tangu kufungua hadi kufunga, mgongo unauma, wateja wamenizunguka. Na katikati ya kelele zao masikio yangu yalikuwa kule dirishani, ambako hapakuwa na kazi ila mazungumzo.

Siku moja nilisikia Zahor akisema, "Mie bahari naiogopa, unajua?"

"Wewe? Mtu wa pwani?"

"Nilikuwa na miaka sita. Ngalawa ilipinduka na mimi. Nilikunywa maji mpaka nikayaona meusi. Walitutoa mimi na mjomba wangu, mjomba akafa. Tangu siku ile sijapanda chombo. Unadhani posa yako kwa nini niliwatuma wazee na mie nikabaki upande huu wa Magogoni? Watu walisema najisikia. Nilikuwa siwezi kupanda pantoni."

Munira aliweka mkono wake juu ya mkono wa Zahor, hapo hapo juu ya meza ya kazi, mbele ya ile skrini nyeusi.

Mimi nimeishi na Zahor miaka kumi na nane. Nimemzalia mtoto wa kike aliyeolewa sasa. Nimemfulia, nimemuuguza malaria mara nisizoweza kuzihesabu. Na sikujua kwamba anaogopa maji. Nilipokuwa nikimwomba twende Kigamboni siku za sikukuu akasema ana kazi, niliamini ana kazi. Wivu niliokuwa nao juu ya nyumba ya Kiwalani, juu ya khanga na sukari na zile siku mbili mbili, ulikuwa mchezo wa watoto. Huu sasa ulikuwa ndio wenyewe.

Mtu mwenye akili angeelewa siku ile. Mimi kesho yake nikaifanya moja.

Moja kwa sekunde ni mateso. Munira akiwasha programu ya kuchapia asubuhi, aliweza kukunja khanga yake upya, akanywa maji, akatazama nje watoto wa shule wakipita wote mpaka wa mwisho, na bado taa inawaka na kuzimika. Apolinari alipopita siku hiyo kuangalia printa, aliisikiliza ile diski ikitoa mlio wake mmoja mmoja, tik, kimya, tik. Akaingia ofisini. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Bi Mkubwa," alisema polepole, "mie niliweka ukomo ili watu wasioneane. Sikuweka ili..." Akafunga mkoba wake.

"Kama umemaliza printa, nenda," nilimwambia.

Nilikuja kuelewa Jumanne moja, kwa kuhesabu vikombe. Nilikuwa nimejikuta nikivihesabu, kama mtu anayejigusa kidonda. Namba ilipokuwa sita, Zahor alisimama kwa Munira dakika chache. Ilipokuwa tatu, kikombe kimoja. Sasa ilikuwa moja, na Jumanne hiyo kabla ya adhuhuri alikuwa amekunywa vikombe vinne na hajanyanyuka kwenye stuli. Nilisimamisha vidole vyangu. Nilikuwa ninawapimia mimi. Kila namba niliyomnyang'anya Munira nilikuwa nimemlipa kwa dakika za Zahor. Yeye Zahor alikuwa hana habari, angejua angekimbilia kwa shehe, maana alidhani anakaa pale kwa sababu mashine ni mbovu, si kwa sababu anapenda. Mwanamume yule hakuwa na dakika ambayo hajaigawa. Ila zile za kungojea hazikuwa za mtu, hazikuwa kwenye zamu ya yeyote, na katika hizo peke yake ndipo alipojiachia.

Nikazitaka.

Jumatano nilijitayarisha kama bibi harusi. Nilijifukiza udi, nikavaa gauni la kijani ambalo Zahor alilisifu mara moja mwaka ule tulipofungua duka. Nilifika mapema, nikaingia ofisini, nikaandika upya mistari yote. Munira thelathini na tisa. Bahiya moja. Zahor nilimwachia kumi yake.

Siku hiyo tulikuwa na kazi kubwa ya kundi moja la mahujaji, majina mia nne, pamoja na mitaa yao na majina ya ndugu wa kuulizwa, yapangwe kwa alfabeti. Wenyewe walitaka wapewe orodha jioni. Nililiomba faili lao saa mbili na nusu. Taa ikawaka, ikazimika. Nikaweka mikono mapajani nikatulia. Muuza kahawa alipopita nilimwita mwenyewe, nikachukua vikombe viwili.

Munira upande wa pili alianza kuchapa. Alisimama, akaitazama skrini yake, akachapa tena. Kazi ilimwitikia papo hapo. Niliona kwa pembe ya jicho akigeuza kichwa kunitazama, na sikumgeukia.

Zahor alitoka ofisini. Alikwenda dirishani kama alivyozoea, stuli mkononi. Munira alikuwa akichapa bila kuinua macho, karatasi zinatoka kwenye printa moja baada ya nyingine. Alisimama pale kidogo. Hakukuwa na kitu cha kungojea. Akageuka, akaniona mimi nimekaa mikono mapajani, na akaja. Moyo wangu ulidunda mpaka nikaona aibu, mwanamke wa umri wangu.

"Imekuwaje?"

"Inafikiri," nilisema. "Nimeiomba orodha, haijaileta. Kaa basi, kahawa yako hii."

Akakaa. Akachukua kikombe. Tukaitazama ile taa nyekundu, mimi na mume wangu, bega kwa bega, kama nilivyokuwa nimetamani wiki zote zile.

Taa iliwaka, ikazimika. Zahor alipuliza kahawa yake. Nilitafuta neno la kuanzia, nikakuta maneno yangu yote kwake yalikuwa ya karatasi, wino, mteja fulani hajachukua kazi yake, mchele umekwisha. Naye nilimwona akitafuta. Alikohoa.

"Hassani ameleta wino?" akauliza.

"Juzi."

"Ahaa."

Kikombe chake kilifika nusu. Nikaogopa kitakwisha. Nikasema neno la kwanza lililokuja, lile lililokuwa limenikaa rohoni.

"Kumbe unaogopa bahari."

Zahor aligeuka akanitazama. Sura yake ilijifunga pale pale nikiiona, kama mlango wa duka unavyoshushwa.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia tu."

"Ah." Alikiweka kikombe mezani kabla hajakimaliza. "Mambo ya zamani hayo, Bahiya. Ya utotoni." Akanyanyuka, akakunja mikono ya kanzu yake. "Hii mashine yako inaumwa. Mahujaji wanataka orodha leo. Ngoja nimpe Munira, yake naona leo imechangamka."

"Inakuja sasa hivi. Ngoja kidogo."

"Wewe pumzika," alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Umefanya kazi sana miezi hii."

Alichukua makaratasi ya mahujaji mezani kwangu akayapeleka dirishani. Halafu hakukaa kule. Alirudi ofisini akafunga mlango, tukabaki watatu katika nyumba moja, kila mtu na skrini yake.

Munira aliimaliza orodha kabla ya adhuhuri. Zahor aliipitia, akasema mashaallah, akamwekea mezani kadi za harusi, na juu ya kadi mihtasari miwili. Wateja waliokuwa kwangu walianza kuvuka chumba mmoja mmoja, wakaenda kupanga foleni upande wa dirisha. Adhana ilipotoka Zahor akaenda msikitini, na wateja karibu wote wanaume wakaenda naye.

Munira akaja kwenye meza yangu. Hakukaa. Alisimama kama anavyosimama mtu mbele ya mkubwa wake, mikono mbele.

"Dada, nina ombi."

"Sema."

"Irudishe kompyuta yangu ilivyokuwa."

Nilimwambia sijui anazungumza nini.

"Apolinari nilimuuliza zamani," alisema. "Nilimuuliza mbona ya kwangu mbovu. Akasema si mbovu, imewekewa ukomo, na ukomo anaushika Bi Mkubwa. Mara ya kwanza nilikasirika, sikufichi. Halafu mume wetu akaanza kuja kukaa." Sauti yake ilishuka. "Dada, Zahor akija kwangu usiku anakula, anasali, analala. Zamu inaisha hata hatujaongea maneno kumi. Sijui kwako yukoje, labda kwako anaongea. Mie nilikuwaga nalia kule Kiwalani, naona nimeolewa na mgeni. Hapa ndo nilimpata. Nikasema, kumbe dada ameona. Ameona navyoishi, hawezi kuniambia kwa mdomo, ndo maana kanitengenezea. Kila ulipoipunguza nilijua umeniongezea. Nilikuwa nakuombea dua kila sala, Wallahi."

Nilimtazama usoni nitafute dhihaka. Hapakuwa na dhihaka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa akinitazama kama mtu anavyomtazama dada yake wa tumbo moja.

Usiku Zahor kwangu naye alikula, akasali, akalala. Ningeweza kumwambia hilo. Ningeweza kumvutia stuli, tukae wawili, tucheke au tulie. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na namba moja ya kuandika. Nami nikamkumbuka akiweka mkono wake juu ya mkono wa Zahor, na Zahor hakuuondoa.

"Sikukutengenezea kitu," nilisema. "Kompyuta yako ilikuwa inaumwa, sasa imepona. Mshukuru Mungu."

Alikuwa anafahamu, nilimwona anavyofahamu, kidogo kidogo, kuanzia ile kumi na mbili. Alifuta macho yake kwa upindo wa mtandio.

"Ahsante, dada," akasema.

Akarudi dirishani, akavuta kadi za harusi karibu yake. Kibodi yake ikaanza kulia, na haikusimama hata mara moja mpaka alasiri.